Malori Mawili, Jina Moja

Saa moja asubuhi Ruti alifungua dirisha la ofisi, kama alivyofanya kwa miaka tisa. Nje, madereva walikuwa wanapiga mswaki kando ya malori yao. Wengine walichemsha chai kwenye majiko madogo ya gesi. Upepo wa Juni ulikuwa wa baridi. Sadoki, mlinzi wa geti, alikuwa amejifunga blanketi mabegani.

"Mama Witness, umeamkaje?"

"Salama, Sadoki. Usiku yameingia mangapi?"

"Matatu. Moja la Kongo, mawili ya hapa kwetu. Na moja dereva wake anakoroma kuliko injini."

Ruti alicheka, akakaa kwenye kiti chake.

Hiyo ilikuwa yadi ya malori mjini Tunduma. Lori linalokwenda Zambia haliwezi kuvuka mpaka bila karatasi za forodha. Likisubiri karatasi, linaegeshwa yadini. Linaweza kukaa siku moja, au siku tano. Yadi ina safu sita, na kila safu inachukua malori kumi na mawili.

Ruti alikuwa karani wa orodha. Lori likiingia, aliandika kwenye kompyuta namba yake, mzigo wake, safu yake, jina la dereva na simu yake. Karatasi zikikamilika, wakala wa forodha alipiga simu. Ruti alitazama orodha, kisha alimwambia Sadoki lori gani litoke.

Pale yadini hakuna aliyeita lori kwa namba. Kila lori lina maneno yaliyopakwa rangi nyuma, na maneno hayo ndiyo jina lake. Kuna Subira. Kuna Mama Nipokee. Kuna Chelewa Ufike. Wakala alisema tu, "Subira yuko tayari," na kila mtu alijua. Ruti aliyajua majina yote kwa kichwa, na madereva walimsifu kwa hilo.

Sifa hiyo ndiyo iliyoficha tatizo lake.

Miaka miwili kabla, Ruti alianza kujigonga kwenye milango. Hakuona vitu vya pembeni. Hakuumwa, kwa hiyo hakwenda hospitali. Alipokwenda, daktari alimwambia ana presha ya macho. Ugonjwa huo huharibu polepole mshipa unaopeleka picha kwenye ubongo. Dawa inaweza kuulinda mshipa uliobaki, lakini haiwezi kurudisha uliokufa. "Ungekuja mapema tungeokoa sehemu kubwa," daktari alisema. "Waambie ndugu zako wapime. Ugonjwa huu hutembea katika familia."

Kufikia Pasaka, Ruti hakuweza tena kusoma skrini. Aliona mwanga tu. Mume wake, Kefa, ndiye peke yake aliyejua. Kazini Ruti aliendelea kama kawaida, kwa sababu orodha ilikuwa kichwani, na malori mapya aliyaandika kwa mazoea ya vidole.

Kisha, tarehe tatu Juni, siku ya Jumatatu, wakala mmoja alipiga simu.

"Chelewa Ufike karatasi tayari. Atoke."

Ruti hakutazama kompyuta. Chelewa Ufike lilikuwa lori la Gibson, safu ya nne, lenye mbolea. Alimwita Sadoki, na Gibson akatoka.

Lakini Jumamosi, siku ambayo Ruti hakuwa kazini, lori jingine lilikuwa limeingia. Lilibeba ndizi kutoka Tukuyu. Nyuma yake pia paliandikwa Chelewa Ufike. Mwenye yadi mwenyewe, Mzee Barnaba, aliliandika kwenye orodha. Karatasi zilikuwa za ndizi, si za mbolea.

Gibson alikaa foleni siku nzima, na alipofika mpakani akarudishwa. Alipoteza nafasi yake kwenye foleni. Lori la ndizi lilikaa yadini siku moja na nusu zaidi kabla kosa halijagunduliwa. Ndizi zilipakiwa mbichi zikaanza kuiva safarini, na joto la turubai halikuzisaidia. Sehemu kubwa ya mzigo iliharibika.

Mzee Barnaba alikuja ofisini, akafunga mlango.

"Mama Witness, orodha ilikuwa mbele yako. Chelewa Ufike yaliandikwa mawili, moja chini ya jingine. Hukusoma?"

Ruti aliondoa mikono kwenye kibodi.

"Sikusoma, mzee. Sioni."

"Huoni nini?"

"Maandishi. Tangu Pasaka. Sasa naona mwanga tu wa dirisha."

Mzee Barnaba alivuta kiti akakaa. Alikuwa mtu asiyepandisha sauti.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ningekuambia, ungeniacha kwenye kiti hiki?"

"Sijui," alisema Mzee Barnaba. "Na sasa pia sijui. Sikufukuzi, mama. Lakini yadi yangu inasimama juu ya orodha, na orodha lazima isomwe. Nakupa mpaka tarehe thelathini. Ukipata njia ya kuisoma, kiti ni chako. Usipopata, nitatafuta karani mwingine."

Ruti aliona jibu hilo ni la haki. Hakulipenda, lakini lilikuwa la haki.

*

Njia ya kwanza ilikuwa ya Kefa.

Kwa kawaida Kefa alikaa Igamba Jumatatu mpaka Ijumaa, kwenye shamba lao la kahawa na mahindi, kisha alirudi Tunduma. Wiki hiyo alirudi mapema. Aliweka kiti kando ya kiti cha mke wake, akashika mausi.

"Nitakuwa macho yako," alisema.

Madereva walichungulia dirishani.

"Eeh, karani siku hizi ana msaidizi mwenye ndevu!"

"Na anasoma kama anapalilia," mwingine alidakia. "Mstari mmoja, anapumzika."

Kefa alicheka nao, lakini walisema kweli. Alisoma polepole. Mara mbili aliruka mstari. Halafu mwezi wa kwanza Mzee Barnaba alikuwa ameweka programu mpya ya orodha, yenye alama za picha juu ya skrini. Kefa aliibofya moja kujua ni ya nini, na mistari kumi ikapotea. Walihangaika nusu saa kuirudisha.

Siku ya nne, Rozi, dada yake Kefa, alipiga simu kutoka Igamba.

"Baba Witness, kahawa inaiva na kudondoka. Wachumaji niliowapata ni wawili. Unakuja, au tuwaachie nyani?"

"Mke wangu ananihitaji huku, dada."

"Na kahawa inakuhitaji huku. Jigawe basi."

Ruti aliyasikia yote. Jioni alimwambia mumewe, "Kefa, wewe ukiwa macho yangu, mimi nimebaki na mdomo tu. Karani ni wewe. Mimi ni mgeni wako."

"Sasa tufanye nini?"

"Sijui. Lakini lazima tumwulize anayejua, siyo tuendelee kubahatisha."

Kesho yake walikwenda ofisi ya ustawi wa jamii. Afisa aliwasikiliza, akawapa namba ya simu. "Huyu ni Mwalimu Tukuswiga," alisema. "Anaishi Ihanda. Anafundisha kompyuta watu wasioona. Yeye mwenyewe haoni tangu utotoni."

Kefa alimtazama afisa. "Asiyeona anafundisha kompyuta?"

"Mpigie," alisema afisa.

*

Mwalimu Tukuswiga alikuja Jumanne. Alikuwa mwanamke mfupi wa miaka hamsini hivi, mwenye fimbo nyeupe na begi la mgongoni. Aliuliza idadi ya ngazi za mlangoni, akaambiwa tatu, akapanda bila kushikwa mkono.

"Shikamoo, mwalimu," alisema Ruti.

"Marahaba, mama. Kompyuta iko wapi? Niwekee mkono wako juu ya kibodi. Tafuta kitufe cha F na kitufe cha J. Umesikia nini?"

Ruti alipapasa. "Kuna vijistari vidogo vimeinuka."

"Vipo kwenye kibodi karibu zote. Vimewekwa ili vidole vijue nyumbani ni wapi. Ulijifunza kuchapa kwa vidole vyote?"

"Nilisoma uhazili."

"Basi nusu ya kazi imekwisha. Wengi wanaokuja kwangu huanza na kidole kimoja."

Alitoa kifaa kidogo cha kuhifadhia mafaili, akakichomeka. Alibonyeza vitufe kadhaa. Kompyuta ikaanza kuongea. Sauti ilikuwa kavu na ya haraka.

Sadoki aliingiza kichwa dirishani. "Huyo naye ana mafua?"

"Hana mafua wala hachoki," alijibu Mwalimu Tukuswiga. "Utamzoea. Mama Ruti, hiki ni kisoma skrini. Ni programu kama programu nyingine. Kazi yake ni kuchukua maandishi yanayopelekwa kwenye skrini na kuyatamka. Hiki kinaitwa NVDA, nacho hupatikana bure kwenye tovuti ya watengenezaji wake. Kina sauti ya Kiswahili. Si nzuri sana, lakini inaeleweka. Kompyuta nyingi za Windows huja na kisoma skrini kingine ndani yake. Usipokuwa na hiki, tumia hicho."

"Kinasoma kila kitu?"

"Hapana. Kinasoma kilichoandikwa. Kumbuka hilo, tutalihitaji."

Alipunguza kasi ya sauti. Kisha alimfundisha Ruti mambo matatu ya kwanza. Kitufe cha Control hunyamazisha sauti. Insert pamoja na T hutaja jina la dirisha lililo mbele. Insert pamoja na Tab hutaja mahali ulipo ndani ya dirisha hilo.

"Mwenye macho akipotea kwenye skrini, hutupa jicho," alisema. "Wewe utauliza. Kabla hujachapa neno lolote, uliza: niko dirisha gani? Niko sehemu gani? Ukiruka swali hilo, utaandika namba ya lori ndani ya barua ya bosi."

Ruti alifungua programu ya orodha. Alibonyeza Tab kwenda mbele.

"Batani," ilisema kompyuta.

Alibonyeza tena.

"Batani."

Tena.

"Batani."

"Mbona inasema neno moja tu?" Ruti aliuliza. "Imekwama?"

Kefa aliyekuwa nyuma yao alisogea. "Hapana, kuna picha. Ya kwanza kalamu, ya pili lenzi, ya tatu sijui ndoo ya taka. Ngoja nikubofyie ile ya..."

Alishika mausi. Kompyuta ikataja kitu kingine kabisa, na Ruti hakujua tena yuko wapi.

"Baba Witness," alisema Mwalimu Tukuswiga, "mkono wako uko kwenye mausi?"

"Ndiyo, namsaidia."

"Ukiwa barabarani, ungemnyanyua mke wako ukamweka upande wa pili bila kumwambia?"

"Siwezi kufanya hivyo!"

"Ndicho ulichofanya sasa hivi. Ukibofya, unamhamisha. Kisoma skrini kinakufuata wewe, yeye anabaki hajui alipo. Ukitaka kumsaidia, mwambie kwa mdomo unachokiona. Mikono yake ifanye."

Kefa aliachia mausi. Baadaye aliichomoa kabisa, akaiweka kwenye droo.

Mwalimu Tukuswiga alieleza tatizo la batani. Programu hii ni ya madirisha na picha. Kisoma skrini hakikisii maana ya picha. Kinasoma jina ambalo mtengenezaji ameipa batani kwa siri, ndani ya programu. Mtengenezaji akiipa jina "Tafuta", kitasema "Tafuta, batani." Asipoipa jina, kitasema "batani" tu.

"Kwa hiyo siwezi kuitumia?"

"Unaweza kuhesabu. Ya kwanza, ya pili, ya tatu. Lakini siku wakiongeza batani moja, hesabu yako yote imeharibika, na moja kati ya hizo ni ya kufuta. Dawa ni mtengenezaji azipe majina. Nani aliitengeneza?"

"Jofrey, yuko Mbeya."

"Tutamwandikia. Lakini hatutamsubiri. Je, programu hii inaweza kutoa orodha kama faili la maandishi?"

Inaweza, alisema Ruti. Mzee Barnaba huitoa kila mwisho wa mwezi. Amri hiyo ilikuwa kwenye menyu, na menyu zilikuwa na majina. Ruti alibonyeza Alt, akasikiliza neno moja moja kwa kutumia vishale, akaifikia. Faili likahifadhiwa. Waliliita magari.

"Vizuri. Sasa nitakupeleka mahali ambapo wenye macho wengi wanapaogopa."

Alifungua dirisha jingine.

"Lina nini?" Ruti alimwuliza mumewe.

"Halina kitu," alisema Kefa. "Ni jeusi tu. Lina mstari mmoja wa herufi nyeupe."

"Huu ndio mstari wa amri," alisema Mwalimu Tukuswiga. "Hapa hakuna picha wala batani. Unaandika amri, unabonyeza Enter, kompyuta inajibu kwa maandishi. Yote yanayoingia ni maneno na yote yanayotoka ni maneno. Kwa hiyo kisoma skrini hakikosi kitu cha kusoma. Nimekuwekea amri fupi niliyoitengeneza, inaitwa tafuta. Andika tafuta, acha nafasi, andika chelewa."

Ruti aliandika. Akabonyeza Enter.

Kompyuta ikasoma: "Chelewa Ufike, T 318 DLB, mbolea, safu ya nne, Gibson." Kisha ikasoma mstari wa pili: "Chelewa Ufike, T 907 DWN, ndizi, safu ya pili, Lusubilo."

Malori yote mawili yalikuwa yamekwisha kuondoka, lakini hakuna aliyekuwa ameifuta mistari yao kwenye orodha.

"Ilikuwa rahisi hivi," alisema Ruti. "Swali moja tu, na sikuliuliza."

"Hukuwa na chombo cha kuulizia," alisema mwalimu. "Ila ulikuwa na mdomo wa kumwambia bosi. Hilo ni lako."

"Ni langu," alisema Ruti.

*

Mwalimu Tukuswiga alikuja mara nne zaidi. Siku zilizobaki Ruti alijifunza peke yake, na Kefa alirudi Igamba kuchuma kahawa.

Si kila kitu kilikwenda sawa. Alipoandika "tafuta mafuta", majibu yalikuwa mistari ishirini, na sauti ikatiririka kama mhubiri. Alinyamazisha kwa Control, lakini akawa hajui imesoma hadi wapi. Mwalimu alimfundisha kuyapeleka majibu kwenye faili. Mwisho wa amri aliweka alama ya mshale mmoja na jina la faili, jibu. Kisha alilifungua faili hilo na kushuka kwa kishale, mstari mmoja mmoja, kwa kasi aliyoitaka yeye.

Kosa jingine lilikuwa baya zaidi. Siku moja alitafuta lori la Mama Nipokee. Kompyuta ikasema liko safu ya kwanza.

"Lilitoka asubuhi, mama," alisema Sadoki. "Nimelifungulia geti mwenyewe."

Ruti alishtuka. Alimpigia mwalimu.

"Kompyuta imenidanganya."

"Faili ulilitoa lini?"

"Jana mchana."

"Basi limekuambia kweli ya jana mchana. Faili ni nakala, mama. Orodha yenyewe iko ndani ya programu. Kila unapoandika lori jipya au kulitoa, toa faili upya. Usipofanya hivyo, utakuwa unasoma gazeti la jana."

Tangu hapo Ruti alijiwekea utaratibu. Kuandika, kuhifadhi, kutoa faili. Aliuimba kimoyomoyo kila saa.

Na alivaa kisikizi cha sikio moja tu. Mwalimu alisisitiza hilo. Sikio moja la kompyuta, sikio moja la watu. Dereva wa Zambia akifika dirishani na kusalimia kwa Kibemba, "Mulishani, bamayo?" Ruti alijibu "Bwino, mukwai," huku sikio la pili likisomewa safu ya sita.

Kwa Jofrey waliandika ujumbe. Ruti alitaka kuandika kwamba programu yake ni mbaya.

"Usiandike hivyo," alisema mwalimu. "Hilo halitamwambia afanye nini. Andika ukweli unaoweza kushikwa. Skrini ya kwanza, batani saba, zote hazina majina. Taja kila moja inafanya nini. Mwombe aipe jina hilo."

Jofrey alipiga simu siku hiyohiyo.

"Mama, samahani, sijaelewa. Hizo alama mbona ziko wazi? Kalamu, lenzi..."

"Ziko wazi kwako. Mimi sioni."

Jofrey aliacha kutaja alama.

"Huwa unaitumiaje sasa?"

"Nahesabu. Nikikosea, nafuta lori la mtu."

"Nipe siku mbili," alisema Jofrey. "Kuweka majina ni kazi ya asubuhi moja. Sikuwahi kufikiria tu."

Alitimiza siku ya pili. Zaidi ya hapo, aliifanya programu itoe faili yenyewe kila lori linapohifadhiwa.

"Hariri, batani," ilisema kompyuta Ruti alipobonyeza Tab. "Tafuta, batani. Futa, batani."

Ruti alitumia njia zote mbili. Kuandika lori jipya aliona ni rahisi kwenye programu ya madirisha, kwa sababu ilimwuliza kila kitu kwa mpangilio. Kutafuta aliona ni haraka kwenye dirisha jeusi.

*

Tarehe ishirini na saba Juni, saa nne asubuhi, Sadoki alikuja mbio bila blanketi lake.

"Mama! Tenki safu ya tatu linavuja! Petroli inatiririka chini!"

Mzee Barnaba alikuwa ofisini. Alitoka nje, akanusa, akarudi. Tayari alikuwa anawapigia Zimamoto.

"Wanasema wanakuja," alisema. "Wanataka malori mengine yote ya safu ya tatu yaondolewe wapate kupita. Yasiwashwe yaliyo jirani na tenki, yavutwe kwa mnyororo. Madereva wako wapi?"

"Mjini," alisema Sadoki. "Wengi wamekwenda kula."

Mzee Barnaba alikaa mbele ya kompyuta ya pili, aliyoiweka mwenyewe. Alishika mausi. Akaanza kushuka kwenye orodha ya malori sitini na nane, akitafuta safu ya tatu kwa macho.

"Lile la kwanza... hapana, hili ni safu ya tano..."

Vidole vya Ruti vilikuwa vimekwisha kuanza. Aliuliza kwanza, Insert na T. Alikuwa dirisha jeusi. Aliandika tafuta safu ya tatu, akayapeleka majibu kwenye faili la jibu. Akafungua faili. Alishusha kishale.

"Subira. T 552 DGH. Yesaya," alisema kwa sauti, akirudia alichosikia. "Sadoki, jirani na tenki ni nani?"

"Subira kulia, lile la saruji kushoto."

"Hayo yasiwashwe." Alikuwa tayari amebonyeza kwenye simu namba iliyosomwa mwisho wa mstari. "Yesaya? Ruti wa yadi. Acha chakula, njoo sasa. Usiwashe lori. Usivute sigara getini. Njoo." Akakata. Akashusha kishale. Akapiga nyingine.

Malori kumi na moja, simu kumi na moja. Dereva mmoja hakupokea. Ruti alisoma mstari wake tena, akakuta ameandikiwa namba ya pili ya utingo, akaipiga.

Mzee Barnaba aliacha mausi. Alikuwa amefika kwenye lori la nne. Alisimama nyuma ya kiti cha Ruti akisikiliza ile sauti kavu ya haraka iliyovuja kwenye kisikizi. Hakuelewa hata neno moja. Ruti alikuwa ameongeza kasi yake mara mbili tangu wiki ya kwanza.

Zimamoto walipofika, njia ilikuwa wazi. Walimwaga povu, wakaziba vali, wakawaagiza watu wakae mbali hadi saa nane. Hakuna kilichowaka. Mkuu wao alimwuliza Mzee Barnaba nani alipanga malori yaondolewe haraka namna hiyo.

"Karani wangu," alisema Mzee Barnaba.

Jioni aliingia ofisini, akavuta kile kiti alichokalia mwanzo wa mwezi.

"Leo ni tarehe ishirini na saba," alisema.

"Najua, mzee. Bado siku tatu."

"Sizihitaji." Alikohoa. "Kuna jambo moja tu. Namba ya utingo nani aliagiza iandikwe?"

"Mimi. Baada ya lile kosa nilianza kuomba namba mbili."

"Endelea kuomba," alisema Mzee Barnaba, akainuka. Mlangoni aligeuka. "Na ukipata tatizo lolote la macho au la masikio, niambie siku hiyohiyo. Tusisubiri ndizi."

*

Mwezi wa nane, kahawa ya Igamba ilikuwa imekwisha kuanikwa. Kefa alikuja Tunduma Ijumaa, kama zamani. Alikaa kwenye benchi nje ya dirisha, akimenya karanga na Sadoki. Alikuwa amewapeleka ndugu wawili wa Ruti kupima macho. Mmoja alikutwa na presha ileile, ikiwa bado changa, akaanzishiwa dawa.

Simu ya ofisi ililia, Ruti akaiweka kwenye spika.

"Mama Witness," alisema wakala, "Chelewa Ufike karatasi tayari. Atoke."

Sadoki aliinuka, akashika mnyororo wa geti. Kwenye safu ya pili, Gibson aliwasha injini. Alikuwa amesikia jina la lori lake.

"Subiri, Sadoki," alisema Ruti.

Vidole vyake vilikwenda kwenye vijistari vya F na J. Aliandika maneno mawili, akabonyeza Enter, akainamisha kichwa upande wa kisikizi.

"Leo wako wawili," alimwambia wakala. "Nisomee namba ya gari kwenye karatasi yako."